Chai ya Kwenye Kona

Reli zilikwisha kung'olewa, na lami mpya ikafunika barabara nzima. Makame, aliyeendesha tramu mpaka ya mwisho ilipopelekwa kukatwa vyuma, aliingia kwa mara ya kwanza katika mgahawa wa Bi Tatu, kwenye kona aliyokuwa akiipita kila siku bila kushuka.

"Tazama hiyo lami," alisema kwa uchungu. "Utadhani sikuwahi kupita hapa."

Kabla Bi Tatu hajamjibu, kengele ya shule ikalia. Mgahawa mzima ukanyamaza. Wauza nyanya, fundi saa, hata mwalimu aliyekuwa akibishana nao, kila mmoja akafunika kikombe chake kwa kiganja.

"Kulikoni?" Makame akauliza.

"Funika chai yako, bwana dereva," Bi Tatu alinong'ona. "Ndio wakati wako wa kupita. Ulikuwa ukikata kona hii meza zinatetemeka, chai inamwagika. Mikono yetu haijasahau."

Makame aliitazama barabara iliyotulia tuli. Kisha akafunika kikombe chake, kwa mkono ule ule uliozoea breki, akasubiri pamoja nao tramu ipite.