Ngumi Mia Mbili na Kumi na Mbili

Tangu sheria mpya ianze, kila gunia la mazoezi ya ngumi linalouzwa lina kifaa kinachosoma mawazo ya anayelipiga. Mpigaji akimfikiria mtu fulani, mtu huyo hutumiwa ujumbe wa tahadhari. Mpigaji mwenyewe haambiwi.

Sekela na mumewe, Ambakisye, hawakuona shida. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, Ambakisye hakuwahi hata kumpandishia sauti. Jumamosi asubuhi walitoboa boriti ya baraza, wakafunga mnyororo, wakalining'iniza gunia lao jipya. Ambakisye akavaa glavu, akaanza kulitwanga huku akipiga mluzi.

Sekela alikuwa jikoni anamenya ndizi simu yake ilipolia. "Umepigwa ngumi mia mbili na kumi na mbili katika mawazo ya mtu aliye karibu nawe. Ondoka ikiwa hujihisi salama."

Kisu kikamponyoka.

Ambakisye akaingia akitiririka jasho, akaomba maji. Sekela akampa.

"Baba Tusa, ukipiga unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu, mama," akasema kwa upole uleule. "Ila kichwa kimekuwa chepesi, sijui kwa nini. Ngoja nirudi kidogo."

Sekela aliona kwamba hadanganyi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akamwinua mtoto wao, Tusa, kutoka mkekani, akatokea mlango wa nyuma bila viatu. Ngumi zilisikika kutoka barazani, taratibu, bila hasira. Alipofika getini, zikanyamaza.

"Mama Tusa?" Ambakisye akaita.

Sekela akaanza kukimbia.