Mjane wa Sura ya Saba

Mhakiki aliingia studio akiwa amekariri jalada. Jina la riwaya, picha ya mjane mwenye mwavuli, na sentensi mbili za nyuma, basi. Hilo jalada tupu ndilo pekee alilotumiwa, na aliona haya kuuliza kitabu chenyewe kiko wapi, maana shemeji yake, mdogo wa mkewe, mhakiki mwenzake kwenye kipindi, alikuwa akitamba kwamba amekisoma mara mbili.

Mtangazaji, mkubwa wao, alikuwa hajawaficha kitu: kiti kinabaki kimoja. Atakayeonekana hajasoma, ajitafutie kazi nyingine. Na mwandishi mwenyewe alikuwa amekaa palepale, kalamu mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

Taa ikawaka. Wako hewani.

"Riwaya hii," mhakiki akaanza huku jasho likimtoka, "imerithi zile kejeli za kale, mabwana wanachekwa na watumishi wao, lakini inaongea na vijana wa leo."

"Kabisa, shemeji," mwenzake akadakia. "Hasa yule mpishi."

Mpishi? Mhakiki akajitosa. "Mpishi ndiye roho ya kitabu! Sura ya saba, mjane anapomfungia stoo, mimi nililia."

Shemeji akameza mate. "Hata mimi. Nikalia tena alipotoroka dirishani amevaa gauni la mjane."

"Na kofia yake."

"Halafu hakimu akamposa."

Mwandishi, kwa kukosa karatasi, alikuwa akiandika kiganjani. Akainua kichwa. "Samahani. Hakimu alijua kwamba yule ni mpishi?"

"Tangu mwanzo," akajibu mhakiki.

"Ndio utamu wake," akamalizia shemeji.

Mwandishi akaitikia kwa kichwa taratibu, akapandisha mkono wa shati. Hadi wanafika kwenye harusi, wino ulikuwa umeshapita kiwiko.

Mhakiki akashusha pumzi. Mwenye kitabu hajapinga hata neno moja! Alimwonea shemeji yake huruma, lakini kiti aliona kama ameshakikalia.

"Mgeni wetu," mtangazaji akauliza, "wahakiki wetu wamekutendea haki?"

Mwandishi akafuta machozi kwa mkono uliobaki msafi.

"Wameniokoa, ndugu yangu. Mchapishaji anaitaka riwaya Jumatatu. Kama hamtajali, naomba niwahi nyumbani nikaanze kuiandika."