Kijiti cha Tatu

Mkuu mpya wa mji, aliyesoma hadi akasahau kwao, aliitazama saa ya mnara akacheka. "Nne ya Kirumi huandikwa IV. Hii IIII ni ya washamba. Ifute!"

Chande, fundi rangi, akapanda ngazi. Alipofika karibu akashangaa: vile vijiti vinne havikufanana, na cha tatu kilikuwa kimepinda.

"Bi Mashavu," akamwita muuza kahawa aliyemshikia ngazi, "hivi vilichorwa na mtu mmoja kweli?"

"Wapi! Na wanne, wajenzi wa mnara. Gavana wa enzi hizo alichonga jina lake mlangoni, wao wakakatazwa kuchonga yao. Basi kila mmoja akachora kijiti chake huko juu. Hicho kilichopinda ni cha marehemu mume wangu. Zaidi ya hicho hana alama duniani. Haya, futa, baba, kama mkono utakutii."

"Fundi! Umelala huko?" mkuu akafoka.

Chande akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akakipaka upya kijiti cha kwanza, kisha cha pili. Alipofika cha tatu akaupinda mkono taratibu, kama kilivyopinda.

Chini, mkuu alitaka kupanda. Bi Mashavu alikuwa ameikumbatia ngazi, hasogei.