Ukaguzi wa Ghorofa ya Tatu

Suti nyeusi ilikuwa ya mteja, na fundi cherehani alikuwa ameapa mbele ya kioo kwamba angeivaa kwa saa mbili tu, kisha aipige pasi na kuitundika kana kwamba haijawahi kugusa mwili wa mtu.

"Ukitoka jasho umekwisha," wifi yake alimwambia, akimfunga kifungo cha shingoni.

"Basi usinichekeshe."

Lakini asubuhi ile kila kitu kiliwachekesha. Wifi, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha teksi, alikuwa ameliosha gari mpaka likang'aa kama kijiko kipya. Njiani walimpitia jirani yao, mshona viatu asiye na miguu, ambaye mtaa mzima ulimwita Spidi. Walimpakia kiti cha nyuma, na baiskeli yake ya magurudumu matatu wakaigombeza mpaka ikakubali kuingia kwenye buti.

"Leo serikali itatujibu," Spidi alisema, "na mimi nimenyoa ndevu kwa ajili yake."

Mwaka uliopita wizara ilikuwa imetoa agizo: kila mwenye ulemavu anayepokea ruzuku afike mwenyewe ofisini, ghorofa ya tatu, akaguliwe upya. Kwenye mlango wa lifti palibandikwa kibao: MBOVU. Fundi, mwenye mguu mmoja uliopooza, alipanda ngazi kwa makalio, kinyumenyume, kidato kwa kidato, kwa saa nzima. Alipofika juu, karani akamtazama na kuandika, "Amepanda mwenyewe. Ana uwezo wa kufanya kazi." Akafutwa kwenye orodha ya ruzuku. Spidi alibaki chini, akaita mpaka sauti ikamkauka. Yeye aliandikiwa, "Hakufika." Akafutwa pia.

Muhula huohuo mabinti wawili wa Spidi waliacha shule. Fundi akaanza kunywa dawa zake leo, kesho akaziruka. Ndipo aliposhika kalamu. Aliandika barua tisa. Akazunguka mtaa kwa mtaa na gongo lake akikusanya sahihi za wenzake waliofutwa, mpaka magazeti yakaanza kuuliza, wizara ikaona haya, tume ikaundwa, na jaji mstaafu akateuliwa kuja kujionea. Hakuna mtu, mtaani wala ofisini, aliyewahi kumwona. Waliambiwa tu: saa nne asubuhi.

Saa tatu na nusu teksi ilisimama mbele ya jengo. Kuta zilikuwa bado zinanuka rangi mpya. Ukumbini, chini ya ngazi, wenzao walikuwa wameshajaa: wenye magongo, wasioona, mama mmoja aliyembeba mgongoni binti yake wa miaka ishirini. Mzee mwenye sweta lililochanika kiwiko alikaa kwenye kidato cha kwanza cha ngazi, akimwuliza kila mmoja yaliyomkuta, kama wazee wapendavyo.

Wifi alizunguka, akafungua mlango wa abiria. Fundi akashuka taratibu, akajinyoosha, akaegemea gongo lake.

Mkurugenzi wa ofisi alitoka mbio mpaka tai ikamrukia begani.

"Mheshimiwa Jaji, karibu sana. Umewahi."

Fundi aligeuka kuona nani anaambiwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Samahani, mimi ni..."

"Tunakufahamu vizuri, mheshimiwa. Wala usijisumbue."

Ndani ya gari, Spidi alijiziba mdomo kwa kofia. Wifi aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote, mabega yakimtikisika.

Fundi alimeza kicheko, nacho kikagoma kushuka. "Ngazi hizi," alisema kwa sauti nyembamba, "mguu wangu hauziwezi."

"Ngazi? Nani akupandishe ngazi wewe?"

Mkurugenzi akamwongoza ukumbini mpaka kwenye lifti, akabandua kibao cha MBOVU, akatoa ufunguo mfukoni, akauzungusha. Milango ikateleza bila hata kukwaruza. Ndani mliwaka taa. Mlikuwa na kioo kirefu, zulia jekundu na harufu ya marashi.

"Hii tunawawekea wakubwa," alisema kwa fahari. "Miaka sita sasa, haijatuangusha hata siku moja."

Mtu mmoja ukumbini akaguna. Mwingine akacheka puani. Yule binti wa mgongoni akaangua kicheko kikubwa, na baada yake hapakuwa na wa kumzuia mwenzake; magongo yalianguka, watu wakashikana mabega, na nje ya mlango uliokuwa wazi wifi akakaa chini kabisa kando ya tairi lake. Fundi alicheka mpaka akasikia jasho linamtiririka ndani ya suti ya mteja, na hakujali. Mkurugenzi naye alitabasamu, kwa kuwa alidhani kuna mzaha mzuri uliompita.

Mzee mwenye sweta aliinuka, akijishika kiuno, akasogea mpaka kwenye lifti.

"Na mimi naweza kupanda?"

"Mzee, rudi ukae na wenzako," mkurugenzi alisema. "Hii leo ni ya jaji peke yake."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaingia, akamshikia fundi mlango.

"Twende, mwanangu," alisema. "Na yule mshona viatu niliyesimuliwa habari zake, mleteni. Kikao changu kinaanza saa nne."