Wimbo wa Bando

Siku hizi wimbo ukishanunuliwa na kampuni ya simu kwa tangazo la televisheni, maneno yake ya zamani hayaimbwi tena. Ukiyaimba, laini yako inafungwa. Raya alikuwa akimbembeleza mwanawe kwa wimbo uliotungwa na marehemu baba yake, nao ukanunuliwa.

Leo alizima simu, akamwimbia mtoto maneno yale ya zamani. Mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka.

"We Raya, mwimbie ule wa bando!" mama mkwe alifoka kutoka jikoni. "Huo wako haujui."

Akaimba, "Jaza bando, ufurahi." Mtoto akatabasamu, akalala.

Raya akatema mate dirishani, kama aliyelamba kitu kilichooza. Kisha akayaimba ya baba yake kimoyomoyo. Baada ya mstari wa kwanza, yakafuata yale ya bando.