Jua la Chumba Kisicho na Dirisha

Namba ilipanda kutoka kumi na moja hadi thelathini na nane, na Ndeshi akahisi ubaridi mgongoni.

Kwa miezi minane nesi huyu alikuwa akifuatilia vitamini D ya wagonjwa mahututi, kwa ajili ya utafiti wa hospitali. Ni vitamini ambayo mwili huitengeneza kwa jua. Mgonjwa akizidiwa, hushuka. Ya Mika ilishuka vivyo hivyo: ishirini na nne, kumi na saba, kumi na moja. Huyu Mika alikuwa siku ya tisa kwenye mashine ya kupumulia, katika chumba kisicho hata na dirisha. Jua angelipata wapi?

Akarudia kipimo. Thelathini na nane. Jina kwenye kichupa: Mika.

Jana yake mama wa mgonjwa, Kaanaeli, alikuja juu.

"Kila asubuhi damu, kila asubuhi damu! Mwanangu mtambakishia nini?"

Alikuwa na haki. Mikono ya Mika ilikuwa imevimba, na Eliud wa maabara, ambaye mama alisali naye usharika mmoja kule Olmotonyi, alimchoma mara nne ndipo akapata mshipa.

"Ni kama kijiko tu, Mama Mika," Ndeshi alimwambia, akijua hajamtuliza.

Ajabu ni kwamba asubuhi iliyofuata mama hakulalamika. Eliud alipofika na trei yake, mama aliomba tu wavute pazia wasali kwanza.

Damu ile ile ndiyo iliyopimwa figo, na figo ndizo zilizokuwa zinammaliza Mika. Sasa majibu yake nayo yalikuja safi kabisa. Daktari Hans aliyasoma mara mbili, akacheka kwa furaha.

"Mkojo bado ni kidogo, lakini damu haidanganyi. Figo zimeamka! Mashine ya kusafisha damu tumpe yule dada wa kitanda cha pili."

Mashine ilikuwa moja, na wawili walikuwa wakiisubiri.

"Daktari, hii vitamini haipandi hivi bila jua," Ndeshi alisema.

"Sasa Ndeshi, umepewa muujiza, unataka na risiti?"

Ndeshi akatoka nje. Kaanaeli alikuwa ameketi kwenye majani, juani, kama kila siku, akingoja saa ya mchana ya kuona wagonjwa. Alipopewa habari alifumba macho.

"Nimemwota," alisema. "Tuko shambani tunachuma kahawa, jua linawaka. Ananiambia, mama, leo siumwi popote."

Vinyweleo vya Ndeshi vikasimama. Tangu hapo aliogopa kuingia kwa Mika peke yake. Alimtazama amelala na mipira yake, macho yamefungwa, akajiuliza huyu huwa anatoka saa ngapi.

Siku ya pili, thelathini na tisa. Siku ya tatu, thelathini na nane, na figo safi. Siku ya nne, kabla Eliud hajafika na trei, moyo wa Mika ukasimama. Hans alibaki kando ya kitanda, karatasi za majibu mkononi, haelewi kitu.

Walimzika Olmotonyi, nyuma ya migomba. Wiki ilipoisha Ndeshi alipanda kwenda kutoa pole, moyo mzito, maana alihisi kuna jambo aliliona na hakulisoma vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Kaanaeli alimshika mkono, akamketisha karibu naye. "Usilie. Nyie mlijitahidi. Hata mimi nilimsaidia kidogo. Zile siku tatu za mwisho hakuchomwa sindano ya damu hata moja. Nilimwambia Eliud achote kwangu. Si damu ni hii hii?"