Marahaba ya Baba Kabula

Mgodini kwetu, aliyefia chini hapotezi kura. Sauti yake hukaa kwenye kisanduku ukutani nyumbani kwake, ikishiriki kutunga kanuni za usalama, mpaka ipite ile ambayo ingemwokoa. Ikipita, sauti huzimwa.

Kanuni ya nguzo za chuma ilibakiza kura moja tu, ya mume wangu aliyefukiwa na kifusi, na kuithibitisha ni juu yangu mjane. Jioni ya kuamua, mwanangu Kabula alikikimbilia kisanduku kama kawaida.

“Shikamoo, baba!”

“Marahaba, mama. Umekula?”

Jirani yangu, Mama Sengi, alisimama mlangoni. “Mwenzangu, mume wangu anashuka kesho. Usininyime.”

“Nimnyime mwanangu baba?”

Akaangua kilio. Nikabonyeza ndiyo.

Nguzo zimeshasimikwa. Jana Kabula alikiamkia tena kisanduku. Akangoja, kisha akarudia kwa nguvu, akidhani hajasikika.

Ng'ambo ya ukuta, Baba Sengi alikuwa amerudi salama na wanawe wanamwamkia.

“Marahaba!” akaitika.

Kabula akanigeukia, uso umemng'aa.

“Mama, kumbe baba yuko kwa kina Sengi!”